Utamu wa Raising Hell uko kwenye nafasi iliyoachwa wazi

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa burudani kuhusu albamu ya Raising Hell ya Run-DMC, kundi la rap la New York, imezua mjadala hapa Arusha, na tunashukuru kwamba gazeti la Kiswahili limetoa safu nzima kwa rap ya zamani. Lakini mwandishi amekosea penye kiini. Amesema albamu ile iliteka watu kwa sababu ya kelele za gitaa, halafu akawashauri vijana wa Kaloleni na Ngarenaro wanaotaka kuchanganya rock na rap waongeze gitaa na wapandishe sauti. Ushauri huo ukifuatwa utazaa nyimbo ambazo hakuna atakayezisikiliza mara ya pili. Albamu ile inavutia mpaka leo kwa sababu ya kinyume chake: ina vitu vichache sana, na kati ya kitu na kitu kuna nafasi iliyoachwa makusudi.

Hesabu tu nyimbo. Ziko 12, zote pamoja dakika 40 hivi. Gitaa la rock ndilo nguzo katika nyimbo tatu: It's Tricky, ambayo ni ya pili, Walk This Way, ya nne, na ule uliobeba jina la albamu, ambao ni wa nane. Peter Piper, unaofungua, unabebwa na kengele zilizotoka kwenye santuri ya Bob James ya mwaka 1975. My Adidas ni ngoma, skrachi (ule mkwaruzo wa santuri inayosukumwa kwa mkono) na sauti mbili za watu, basi. Son of Byford ni kipande kifupi cha ngoma za mdomo. Kwa hiyo kila gitaa linapoingia, sikio limeshakaa na kiu. Lingekuwepo kuanzia dakika ya kwanza hadi ya arobaini, lingekuwa kama mvua ya Mei huku kwetu, unaacha kuisikia ingawa bado inanyesha.

Wenyewe hawakufika hapo kwa siku moja. Mwaka 1984, kwenye albamu yao ya kwanza, walitoa Rock Box, ambamo gitaa la Eddie Martinez linazunguka karibu wimbo mzima. Mwaka 1985 wakaja na King of Rock, gitaa ni la Martinez yuleyule. Ni nyimbo nzuri na zenye nguvu, lakini ukizisikiliza baada ya Raising Hell, iliyotoka Mei 1986 chini ya usimamizi wa watayarishaji Russell Simmons na Rick Rubin, utasikia kwamba katika miaka miwili walikuwa wamejifunza kupunguza. Rubin, ambaye ndiye aliyepiga gitaa katika wimbo ule wa nane, alikuwa mpenzi wa rock nzito na wa hip hop kwa kiwango kilekile. Alichokiona ni kwamba fani hizo mbili zinakutana kwenye ngoma. Kwenye nyimbo za kuimba zinapishana kabisa.

Walk This Way inathibitisha hilo. Aerosmith, kundi la rock la Marekani, waliutoa wimbo huo mwaka 1975, na unaanza na vipimo viwili (kipimo ni mapigo manne) vya ngoma tupu kabla gitaa halijaingia. Vijana wa hip hop wa New York walikuwa wakiitumia ile ngoma tu. DJ alikuwa na nakala mbili za santuri, anazirudisha kwa zamu, na sehemu ya kuimba haifikiwi kabisa. Run na DMC, wachanaji wawili wa kundi, walichana juu ya ngoma hiyo bila hata kujua maneno ya wimbo. Wazo la kuurudia wimbo mzima, pamoja na Steven Tyler na Joe Perry wenyewe, mwimbaji na mpiga gitaa wa Aerosmith, lilikuwa la Rubin, na mwanzoni wachanaji hawakulipenda. Ulipotoka ulifika nafasi ya 4 kwenye chati kuu ya Marekani, na albamu ikawa ya kwanza ya rap kupita platinamu, yaani nakala milioni moja.

Hapa inafaa kueleza ile kazi ya santuri, maana vijana wengi wanaojiita DJ leo wanabonyeza kitufe tu na hawajui kilichofanyika kwa mikono. Santuri kubwa inazunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, yaani mzunguko mmoja unachukua sekunde 1.8. Vipimo viwili vya mapigo manne manne ni mapigo manane. Kwa kasi ya mapigo 108 kwa dakika, mapigo manane yanakwisha kwa sekunde 4.4. Gawanya kwa 1.8, unapata mizunguko miwili na nusu, ikipungua kidogo sana. Kwa hiyo DJ anabandika kipande cha stika kwenye lebo ya katikati, kikielekea juu kama mshale wa saa sita pale ngoma ya kwanza inapodunda. Kipande kikizunguka mara mbili na kuelekea chini, ngoma imekwisha na gitaa liko mlangoni. Hapo anasogeza swichi ya miksa, kile chombo kinachounganisha mashine mbili za santuri, kwenda santuri ya pili, na wakati hiyo inalia, anairudisha ya kwanza mizunguko miwili na nusu. Ana sekunde nne na ushee, kisha anafanya vilevile upande wa pili.

Vinavyoharibika hapo ni vichache na vinajulikana. Chini ya santuri pawekwe kitambaa laini cha kuteleza. Ule mpira mnene unaokuja na mashine unaing'ang'ania santuri, na mota inapigana na mkono wako. Sindano ikiwa nyepesi mno inaruka unaporudisha; wengi wanaiweka gramu 3 hivi kwa kazi hii, ingawa kwa kusikiliza tu gramu 2 zinatosha kwa sindano nyingi. Ukiongeza zaidi ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, sindano inachimba, na baada ya miezi michache vipimo vile viwili vya mwanzo vinakuwa na mchakacho kama wa mahindi kwenye kikaango, huku santuri nzima iliyobaki ikiwa safi. Ukinunua santuri ya mtumba, sikiliza mwanzo wa nyimbo zenye ngoma tupu kabla ya kutoa hela. Hapo ndipo mikono ya DJ wa kabla yako ilipopita.

Kuna jambo la umeme pia, na linawapoteza wengi wanaonunua mashine za santuri zilizotumika kutoka nje. Umeme wetu ni volti 230 na mawimbi 50 kwa sekunde. Mashine ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120 na mawimbi 60, ya Japani kwa volti 100. Watu wanakumbuka volti, wananunua transfoma ya kushusha, mashine inawaka, wanafurahi. Lakini transfoma haibadilishi mawimbi. Mashine nyingi za zamani ambazo sahani yake inazungushwa kwa mkanda wa mpira zina mota inayofuata mawimbi ya umeme, na ile ya mawimbi 60 ikifika hapa inazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita. Badala ya mizunguko 33 na theluthi unapata karibu 27.8. Run anaanza kusikika kama mzee mwenye mafua, na mwenye mashine anadhani santuri imechoka au mota imekufa, kumbe vyote ni vizima. Dawa yake, kwa mashine nyingi, ni kubadilisha kile kigurudumu kidogo kwenye mhimili wa mota kinachoshika mkanda, uweke chenye kipenyo kikubwa zaidi kwa asilimia 20. Mashine ambazo sahani inaendeshwa moja kwa moja na mota yenye udhibiti wa kwatzi, kama Technics SL-1200 za kuanzia MK2, hazina ugonjwa huo. Zinajipimia kasi zenyewe, kinachohitajika ni volti sahihi tu. Na mngurumo wa chini usiokoma unatokana mara nyingi na ule waya mwembamba wa eathi wa mashine ya santuri, ambao mtu ameuacha unaning'inia badala ya kuufunga kwenye skurubu ya miksa.

Wengi wetu hatuna santuri na tunacheza faili. Sawa, lakini hata hapo albamu hii ina masharti yake. Wimbo wenye ngoma na matoazi peke yake unavumilia kubadilishwa kasi kuliko wimbo wenye gitaa. Ukiongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 6, sauti yote inapanda au kushuka karibu nusu toni. Kwenye My Adidas hakuna atakayegundua. Kwenye Walk This Way kila mtu atasikia kwamba Tyler kapungukiwa, na gitaa litakosa umeme wake. Programu nyingi zina kitufe cha kufunga toni ili kasi ibadilike peke yake, na watu wanakitumia wakidhani kimetatua kila kitu. Kitufe hicho kinafanya kazi kwa kukata sauti vipande vidogo sana na kuvibandika upya, na mahali panapoumia ni pale pigo kali la snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, linapoanza: badala ya "ta!" moja, unasikia "t-ta". Kwa albamu ambayo nusu ya uzuri wake ni ukali wa snea, hasara hiyo ni kubwa. Usivuke asilimia 3 upande wowote. Kama wimbo unaotaka kuunganisha nao uko mbali zaidi ya hapo, malizia mmoja, anza mwingine. It's Tricky iko karibu na mapigo 128 kwa dakika, Walk This Way iko kati ya 105 na 110. Hazikutengenezwa ili zisukumwe ziwe mwendo mmoja.

Faili yenyewe iwe nzuri. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inatosha kwa hotuba. Gitaa lenye mkwaruzo likikutana na matoazi katika faili ndogo namna hiyo, vyote vinageuka majimaji, na faili iliyogeuzwa kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine mara tatu nne haiponi hata ukiihifadhi upya kwa kilobiti 320.

Halafu sabufa. Ndani ya vifodi vya Arusha na Moshi, na kwenye kumbi nyingi za sherehe, besi imepandishwa mpaka vioo vinatetemeka. Kwa nyimbo nyingi za sasa hilo linaeleweka, zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Lakini gitaa la rock na sauti ya mchanaji vinaishi katikati, kuanzia Hz (mitetemo kwa sekunde) 200 hadi 4,000 hivi. Besi ikipandishwa mno, amplifaya inamaliza nguvu yake yote kwenye dundo la chini, na kila dundo linapopiga, gitaa na sauti vinazama kwa muda kisha vinarudi, vinazama, vinarudi. Hapo ndipo abiria anasema rap ya zamani "haina ladha". Kaimeza sabufa. Jaribu hivi: weka vitufe vyote vya ikwalaiza, vile vya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba, katikati, kisha shusha eneo la Hz 60 hadi 100 kwa desibeli 3 au 4, na usiguse kingine. Kitakachotokea wimbo ukifika kwenye gitaa hakihitaji maelezo.

Sasa nije kwa wale ambao mwandishi wenu aliwashauri, vijana wanaotaka kutengeneza kitu chao. Vifaa vya zama zile, kama mashine za ngoma za Oberheim DMX na Roland TR-808, leo sauti zake zimo ndani ya karibu kila programu ya kutengeneza biti, kwa hiyo kisingizio cha vifaa hakipo. Kazi iko kwenye kuchagua nini kisiwepo.

Anza na kasi ya mapigo 105. Ngoma ya mguu kwenye pigo la kwanza na sehemu moja au mbili nyingine utakazochagua, snea kwenye la pili na la nne. Matoazi yawe machache. Usiweke besi ya kinanda. Narudia, usiweke, maana hapo ndipo karibu kila biti ya namna hii inayotoka huku inapoharibikia: mtengenezaji anaogopa kimya, anaweka kinanda cha chini, kisha filimbi, kisha kengele, na gitaa linapofika linakuta vitanda vyote vina watu. Sikiliza biti hiyo tupu kwa dakika tatu. Kama inakuchosha, tatizo ni mpangilio wa ngoma ya mguu. Rekebisha huo kwanza kabla ya kuongeza chombo chochote.

Mpiga gitaa wa umeme hapatikani kwa shida Arusha. Kwaya za makanisa zinao, bendi za hoteli zinao, na wengi wana vidole vyepesi kuliko wapiga rock wengi wa huko ng'ambo. Shida ni mazoea. Vidole vyao vimelelewa na sebene, na sebene ni gitaa lisilonyamaza: linazungumza mfululizo, linajaza kila ufa, linajibu kila neno la mwimbaji. Ni sanaa kubwa kwa mahali pake. Kwenye rap inazika mistari. Rock inataka rifu, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia vilevile bila mapambo, kipimo kimoja au viwili, kisha kimya. Angalia Walk This Way: ile rifu maarufu haichezwi chini ya mistari. Inakuja kati ya beti, inasema neno lake, mistari ikianza inapisha. Mwambie mpiga gitaa wako mapema kwamba atapiga kidogo na atalipwa kama kawaida. Bila hilo, atajitahidi uone thamani ya hela yako, na kila jitihada yake itakuwa noti moja ya ziada.

Kurekodi gitaa lenyewe: weka maiki sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa cha spika ya amplifaya, usiielekeze katikati kabisa ya koni bali pembeni kidogo. Katikati sauti inachoma, ukingoni inafifia. Mkwaruzo wa pedali uwe mdogo kuliko unavyotamani. Hili halieleweki haraka kwa sababu ukiwa peke yako chumbani gitaa lenye mkwaruzo mwingi linasikika kubwa. Lakini mkwaruzo unabana sauti, unaondoa tofauti kati ya noti inapopigwa na noti inapokwisha, na ukishaweka ngoma juu yake unabaki na moshi tu. Piga rifu ileile mara mbili, kwa mikono, siyo kunakili, kisha weka moja kulia na nyingine kushoto. Tofauti ndogo ndogo za mkono ndizo zinazolipanua. Kipande kilichonakiliwa na kuwekwa pande zote mbili kinabaki katikati vilevile, kwa sauti ya juu zaidi tu. Kata kila kitu cha gitaa kilicho chini ya Hz 100, hapo ni nyumbani kwa ngoma ya mguu. Mistari ikianza, kama kuna gitaa lolote lililobaki, lipunguze desibeli 2 au 3 kati ya Hz 2,000 na 3,000 ili herufi za mchanaji zisikike.

Tuni gitaa kila kabla ya kurekodi. Mchana wa Februari na usiku wa Julai hapa ni nyuzijoto tofauti kabisa, na nyuzi za chuma zikipoa zinakaza na toni inapanda. Rifu mbili zilizorekodiwa nyakati zenye joto tofauti zitagombana, na fundi atapoteza siku nzima akitafuta kosa kwenye kompyuta. Ukisikia mngurumo wa Hz 50 kwenye gitaa, hamisha amplifaya na kompyuta vichukue umeme kwenye soketi moja kabla hujamlaumu mwenye gitaa.

Nimechelewa kufika kwenye sauti, na sauti ndiyo sehemu ambayo Mswahili hawezi kuiga albamu hii moja kwa moja hata akitaka. Run na DMC wanagawana mstari: mmoja anaanza, mwingine anadaka neno la mwisho, au wote wawili wanalipiga pamoja, na neno hilo linaangukia juu ya snea. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja yanayokwisha na konsonanti, yanagonga kama mlango. Kiswahili hakigongi hivyo. Maneno yetu ya asili yanakwisha na irabu, na mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kijana akiiga, analazimisha silabi ya mwisho iangukie kwenye snea, na neno linapinda: "mtaani" linakuwa "mtaaNI", "nyumba" linakuwa "nyuMBA". Msikilizaji hajui kwa nini haipendi, lakini haipendi.

Namna ya kulitibu ni hii. Gawanya kipimo katika vijisehemu 16. Snea ya pigo la nne iko kwenye kijisehemu cha 13. Silabi yenye mkazo ndiyo ikae hapo, na silabi ya mwisho idondoke kwenye cha 14. Kwa "mtaani" basi, "m" iko kwenye 11, "ta" kwenye 12, "a" kwenye 13, "ni" kwenye 14. Vijisehemu vya 15 na 16 vibaki wazi, hapo mchanaji anavuta pumzi. Yule wa pili anayedaka aingie kwenye 13, asisubiri mwisho wa neno. Ikipangwa hivyo, Kiswahili kinapata pigo lake na mkia mfupi baada ya pigo, kitu ambacho yale maneno ya Kiingereza ya silabi moja hayana. Mkia huo ukikutana na gitaa linaloingia kwenye pigo la kwanza la kipimo kinachofuata, unasikia neno likimkabidhi mpiga gitaa.

Wanaojua ushairi wameshaona jambo. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, yaani silabi 16, nane na nane, na kipimo kina vijisehemu 16. Unaingia sawasawa! Ndiyo maana kijana aliyesoma mashairi shuleni anachana vizuri tangu siku ya kwanza. Lakini kwa kasi ya 105 kipimo kinadumu sekunde 2.3 tu, na mizani 16 ndani yake ni silabi saba kwa sekunde bila pumzi wala pengo. Kwa biti ya rock, mizani 10 hadi 12 inatosha, na kina kibebe silabi mbili za mwisho. Kina cha silabi moja kinapatikana kwa bei rahisi mno katika lugha ambayo karibu kila neno linakwisha na a, e, i, o au u.

Na kama mtu anataka mfano wa nyumbani wa kuachiana nafasi, asihangaike kwenda mbali. Uimbaji wa Kimaasai una kiongozi anayetoa mstari na kundi linalomjibu kwa mngurumo wa koo, bila ngoma wala zeze. Mngurumo ule unasimama kati ya mstari na mstari palepale rifu inapokaa kwenye Walk This Way. X Plastaz, kundi la hip hop la hapahapa Arusha, waliliona hilo, wakamweka mwimbaji wa Kimaasai Yamat Ole Meipuko pamoja na wachanaji wa mtaani, na albamu yao ya Maasai Hip Hop ya mwaka 2004 ikasikika Ulaya. Mwandishi wenu hakuitaja hata kwa mstari mmoja, na aliandika kuhusu kuchanganya fani katika mji uleule.

Neno moja kuhusu hakimiliki, kwa sababu makala ilisema rifu za zamani "ni za wote". Siyo. It's Tricky ilitumia rifu ya My Sharona ya kundi la The Knack, na mwaka 2006, miaka 20 baadaye, kesi ilifunguliwa mahakamani. Kwetu kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kijana atunge rifu yake. Ni noti tano au sita, na mpiga gitaa wa kwaya anaweza kutoa kumi kabla chai haijapoa.

Ombi la mwisho ni kwa vituo vya redio vya mkoa huu, kupitia gazeti lenu. Mkiipiga albamu hii, pigeni nyimbo sita za kwanza kwa mpangilio wake, ni upande mzima wa santuri, na mtangazaji asizungumze mwanzoni mwa wimbo wa nne. Zile ngoma na skrachi kabla gitaa halijaingia ndicho kitu chenyewe, na zinapita kwa sekunde chache tu.

Fundi mitambo ya sauti,
Ngarenaro, Arusha